Chai Isiyoonekana Ikimiminika: kisa cha L.M. na ramani ya kuona ndani ya ubongo

Kwa nini kisa hiki

Mgonjwa akisema haoni vizuri, tunaanza na jicho. Anakaa mbele ya chati ya herufi, anamulikwa, anaulizwa kama anaona ukungu. Utaratibu huo ni sahihi, na mara nyingi jibu hupatikana papo hapo. Mwanamke wa kisa hiki alikuwa na macho mazima, alisoma, alitambua rangi na vitu, na bado kujimiminia kikombe cha chai kulimshinda.

Katika maandishi ya kitabibu anajulikana kwa herufi mbili tu, L.M. Sitaongeza lolote juu ya kile walichochapisha waliompima. Alipimwa Ujerumani, mjini Munich, na ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1983 chini ya majina ya Josef Zihl, Detlev von Cramon na Norbert Mai. Namleta hapa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, wauguzi na wataalamu wa macho, maana sijaona mchoro wa vitabuni unaoeleza mpangilio wa sehemu za kuona kama yanavyoueleza malalamiko ya mama huyu.

Usuli: kilichojulikana kabla yake

Habari za macho hupita kwanza katika thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, kisha hufika kisogoni kwenye eneo linaloitwa V1. Ubongo ukikatwa, eneo hilo hutambulika kwa mstari mweupe unaoonekana bila hadubini. Francesco Gennari aliuona mwaka 1776 alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Parma. Kazi ya mahali hapo ilieleweka zaidi ya karne moja baadaye, tena kwa njia ya kusikitisha, kupitia majeraha ya vita.

Katika vita vya Urusi na Japani, 1904 hadi 1905, bunduki mpya zilirusha risasi nyembamba zenye kasi kubwa. Ziliweza kupenya fuvu na kutokea upande wa pili bila kumuua askari. Daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, alipewa kazi ya kupima askari hao walipoteza kiasi gani cha kuona ili walipwe malipo yao ya ulemavu. Akafanya zaidi ya alichotumwa. Alipima tundu la kuingilia na la kutokea, akakadiria njia ya risasi ndani ya ubongo, kisha akailinganisha na sehemu ambayo askari hakuiona tena. Mwaka 1909 alichapisha ramani. Nusu ya kushoto ya tunachokiona hufika upande wa kulia wa ubongo, na ya kulia hufika kushoto. Vilivyo juu huchorwa chini, vilivyo chini huchorwa juu. Na kile kilicho katikati kabisa ya macho, mahali unapokaza kuangalia ukisoma au ukitia uzi kwenye sindano, hupewa eneo kubwa kuliko pembeni.

Gordon Holmes wa Uingereza aliifanya ramani hiyo iwe bora zaidi kwa kuwapima majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini alisisitiza jambo moja ambalo liliwabana watu kwa miaka mingi. Mwenzake George Riddoch aliripoti mwaka 1917 kwamba baadhi ya askari, katika sehemu waliyokuwa hawaoni kitu, waliweza kung'amua kwamba kuna kitu kinasogea. Hawakujua umbo lake wala rangi yake, walijua mwendo tu. Holmes hakukubali. Kwake, jeraha la kisogoni huharibu kuona kote kwa pamoja, na mwendo haupotei peke yake wala kubaki peke yake. Neno lake lilikuwa zito, na ripoti za namna ile zikawekwa kando.

Wanyama ndio waliofungua tena mlango huo. David Hubel na Torsten Wiesel, ambao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwamba seli za V1 hazipokei picha nzima. Seli moja huamka mbele ya ukingo uliosimama wima, jirani yake hutaka ukingo ulioinama kidogo, na hivyo hivyo kwa zamu, safu kwa safu. Nyingine huamka ukingo ukisogea upande mmoja tu. Mwaka 1971 Ronald Dubner na Semir Zeki, wakichunguza kima aina ya makaki, walikuta mbali na V1, ndani ya mkunjo wa upande wa sikio, eneo dogo ambalo seli zake nyingi mno hujali mwendo na uelekeo wake. Rangi ya kinachosogea haikuzishughulisha. Mwaka huo huo John Allman na Jon Kaas walilieleza eneo hilo kwa kima wa usiku wa Amerika Kusini. Wao waliliita MT, na Zeki akaja kuliita V5. Ni mahali pamoja.

Mwaka 1973 Allman na Kaas, pamoja na mwenzao, walilikuta pia kwa komba. Naam, komba huyu huyu anayelia usiku mitini kwetu na macho yake makubwa. Ukoo wa komba uliachana na ukoo wa kima na binadamu zamani sana, na bado eneo la mwendo lipo kwake. Ndiyo sababu wataalamu wanaliona kuwa urithi wa pamoja wa jamii nzima ya komba, kima, nyani, sokwe na watu.

Kwa hiyo, L.M. alipougua, wanasayansi wa wanyama walikuwa tayari na wazo kwamba kuona kumegawanywa katika maeneo yenye kazi tofauti. Kilichokosekana ni binadamu wa kulithibitisha.

Kilichotokea

Oktoba 1978 L.M., mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, aliingizwa hospitali akiwa na maumivu makali ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na fahamu zake zikafifia. Damu ilikuwa imeganda katika mfereji mkubwa wa vena unaopita juu ya ubongo toka mbele hadi nyuma. Mfereji huo ukiziba, damu iliyotumika hukosa pa kutokea, shinikizo hupanda, na sehemu za ubongo zinazoutegemea huumia. Kwake, madhara yalitua pande zote mbili, nyuma na ubavuni, mahali ambapo kisogo hukutana na sehemu ya masikioni. V1 yenyewe ilinusurika.

Alipona ugonjwa wenyewe. Ila Mei 1980, miezi 19 baadaye, alifika kwa akina Zihl na malalamiko ambayo ningependa kila anayeshughulika na wagonjwa ayasome polepole.

Alisema hawezi kumimina chai au kahawa. Kinywaji kilichokuwa kikishuka kutoka kwenye birika alikiona kimesimama, kama barafu iliyoganda. Ndani ya kikombe hakuona kikipanda, basi hakujua lini aache, kikafurika. Kufuata mazungumzo kulimpa taabu kwa sababu hakuona midomo na nyuso za wasemaji zikicheza. Chumba chenye watu zaidi ya wawili wanaotembea kilimtia hofu, na kwa kawaida alitoka. Watu walikuwa hapa, halafu ghafla wako pale, na safari ya kati ya hapa na pale hakuiona kamwe. Mtaani ilikuwa vibaya zaidi. Gari alilitazama likiwa mbali, na alipotaka kuvuka, lilikuwa limeshafika miguuni pake.

Mama huyu hakuwa kipofu. Aliona gari na aliijua rangi yake. Kilichomponyoka ni kule kuja kwake.

Maamuzi ya waliompima, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumsadiki. Ni rahisi kuupita uamuzi huo kwa haraka, lakini kumbuka kwamba mwaka 1980 kivuli cha Holmes kilikuwa bado kirefu. Malalamiko kama yale yangeweza kuandikwa "wasiwasi baada ya ugonjwa", na mgonjwa akarudishwa nyumbani. Wao waliyachukua maneno yake kama taarifa sahihi, kisha wakatafuta kipimo cha kila neno.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuondoa maelezo mengine moja baada ya jingine. Je, ni jicho? Walipima ukali wa kuona na upana wa uwanja wa kuona, na humo hakukuwa na upungufu wa kueleza shida yake. Je, ni kuona kwa ujumla? Walipima rangi, utambuzi wa vitu na maneno, na kuona kina kwa macho mawili, navyo vilikuwa vimesalia. Je, ni kwamba amepoteza dhana yenyewe ya mwendo? Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Walimsogezea sauti, na walimsogezea kitu juu ya ngozi. Vyote viwili alivitambua vikisogea. Dhana ya mwendo alikuwa nayo, na masikio na ngozi vilimletea. Macho tu ndiyo hayakumletea.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutoridhika na "anaona" au "haoni", bali kuuliza ni kasi gani, uelekeo gani na sehemu gani ya uwanja wa kuona. Wakagundua kwamba hakuwa ameishiwa kabisa. Kitu kilichosogea katikati ya uwanja wake, kwenda kushoto na kulia au juu na chini, kwa kasi isiyozidi takriban nyuzi 10 za pembe kwa sekunde, aliweza kukiona kikienda. Kasi ikizidi hapo, kilikuwa kinaruka kutoka kituo hadi kituo. Kitu kilichomjia au kumkimbia hakukiona kikisogea hata kidogo. Macho yake nayo yalifuata vitu vya polepole kwa ulaini, na kasi ilipoongezeka yakafuata kwa kurukaruka.

Walimpima pia kwa hila mbili za zamani za maabara. Ukiwasha taa mbili zilizo karibu kwa kupokezana, sisi tunaona taa moja inayohama. Yeye aliona taa mbili. Na ukitazama mistari inayoteremka kwa muda, kisha ukatazama kitu kilichotulia, kitaonekana kama kinapanda. Kwake hakikupanda.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa L.M. mwenyewe, na ulifanywa nje ya maabara. Alijifunza kuvuka barabara kwa sikio. Mngurumo ukizidi kukua, gari linakaribia. Na mahali penye watu wengi alipakwepa.

Matokeo

Hakupona. Waliomfuatilia walichapisha ripoti nyingine mwaka 1991, na uwezo wake wa kuona mwendo ulikuwa haujarudi. Kilichobadilika ni ustadi wake wa kuishi nao. Mwaka huo huo Zeki alikusanya kumbukumbu za wagonjwa wa namna hiyo na kuupa upungufu huu jina la akinetopsia. Kwa Kiswahili tunaweza kusema upofu wa mwendo, ingawa nitaeleza kwa nini jina hilo linapaswa kushikwa kwa tahadhari.

Kwa elimu ya ubongo, matokeo yalikuwa makubwa. Mwaka 1991 pia Daniel Felleman na David Van Essen walichora ramani ya makaki yenye maeneo 32 yanayohusika na kuona na njia 305 za kuyaunganisha. Ramani ile isingepata uzito iliopata kama ingekuwa ni ya kima peke yake. L.M. alikuwa miongoni mwa watu waliowafanya madaktari waisome kama ramani yetu pia.

Uchambuzi: kilichofanikiwa

Nguvu ya uchunguzi huu ilikuwa upana wa vile alivyoweza kufanya. Ripoti nyingi za zamani zilieleza wagonjwa waliopoteza mambo matano kwa mpigo, na hapo huwezi kusema lolote kuhusu mpangilio. L.M. alipoteza jambo moja kwa kiasi kikubwa, na mengine yakabaki. Upungufu wa namna hiyo unaeleweka kwa urahisi ikiwa mwendo una mahali pake, nje ya V1 na mbali na maeneo ya rangi na umbo.

Ushahidi wa wanyama ulikuja kukaza fundo hilo kutoka pande mbili. Mwaka 1988 William Newsome na Edmond Paré waliharibu MT ya makaki kwa kemikali, sehemu ndogo tu. Kima waliwekwa mbele ya nukta nyingi zinazosogea ovyo, chache kati yake zikienda upande mmoja, na wakatakiwa kuonyesha upande huo. Baada ya jeraha walihitaji nukta nyingi zaidi ziende pamoja ndipo wajue, ilhali uwezo wao wa kutofautisha giza na mwanga haukutikisika. Miaka miwili baadaye, Daniel Salzman, Kenneth Britten na Newsome walifanya kinyume chake. Walipeleka umeme kidogo kwenye kundi la seli za MT zinazopenda uelekeo fulani, na kima wakaanza kuchagua uelekeo huo mara nyingi zaidi. Kuharibu kuliondoa uamuzi, na kuchochea kukauelekeza.

Lipo pia kundi la wagonjwa walio upande wa pili wa L.M. Mtu anayejulikana kama G.Y. alipoteza V1 ya upande wa kushoto utotoni kwa ajali ya gari. Katika nusu ya uwanja wake isiyoona, huweza kujua kwamba kitu kimepita kwa kasi na kimeelekea wapi, na mwaka 1993 picha za ubongo zilionyesha V5 yake ikifanya kazi wakati huo. Riddoch wa 1917 alikuwa amesema kweli. Ziko njia zinazofika V5 bila kupita V1.

Weka wawili hao pamoja. L.M., mwenye V1 lakini asiye na V5, huona mwendo wa polepole na kuukosa wa kasi. G.Y., asiye na V1 lakini mwenye V5, huona wa kasi na kuukosa wa polepole. Mwaka 1995 Dominic ffytche, C. Guy na Zeki walipima kwa watu wazima wa afya na kukuta kwamba ishara za mwendo wa kasi hufika V5 kabla ya V1, na za mwendo wa polepole hufika V1 kwanza. Mpaka wa nyuzi 10 uliopatikana Munich, ambao ungeweza kudhaniwa kuwa tarakimu ya kubahatisha, ukapata maelezo yake.

Uchambuzi: palipopelea

Kosa kubwa lilikuja kwa waliokisimulia kisa baadaye, kwa sentensi fupi kwamba V5 ni kituo cha mwendo, L.M. alipoteza V5, basi hakuona mwendo. Sentensi hiyo inafundishika, ila inaficha mambo matatu.

Jeraha la L.M. halikuishia V5. Lilimeza pia maeneo ya jirani, pande zote mbili. Kima wa Newsome na Paré walioharibiwa MT peke yake walirudiwa na uwezo wao baada ya siku au wiki kadhaa, na yeye baada ya miaka hakurudi. Tofauti hiyo inatuambia kwamba pale ambapo jirani yu hai, kazi inaweza kugawanywa upya.

Pili, alibakiwa na zaidi ya tulivyodhani. Curtis Baker, Robert Hess na Zihl walipompa nukta zinazosogea, alijua uelekeo iwapo zote zilikwenda pamoja. Walipochanganya nukta chache tu zenye vurugu, uwezo huo ukaporomoka. Picha za ubongo zilizochukuliwa baadaye na Stewart Shipp na wenzake, mwaka 1994, zilionyesha maeneo mengine ya kuona yakijitahidi, likiwamo lile liitwalo V3. Kwa hiyo tatizo lake halikuwa kukosa kila ishara ya mwendo. Alishindwa kuichuja ishara hiyo katikati ya fujo, na barabara, sebule yenye wageni na kikombe kinachojaa ni fujo tupu. Hii ndiyo sababu neno "upofu" linanipa shaka. Daktari atakayesogeza kalamu moja polepole mbele ya mgonjwa wa namna hii atasikia "naiona", naye ataandika kwamba hakuna tatizo.

Tatu, kwa muda mrefu elimu nzima ya upofu wa mwendo iliegemea mtu mmoja. Wagonjwa wenye jeraha pande zote mbili mahali hapo hasa ni wachache sana. Jeraha la upande mmoja huleta upungufu mdogo ambao mgonjwa mwenyewe anaweza asiutaje. Hali za muda zimeripotiwa pia, kwa mfano kwa watumiaji wa dawa fulani ya sonona, ambao waliona vitu vikiacha mfululizo wa picha nyuma yao hadi dawa iliposimamishwa.

Upande wa matibabu, hakukuwa na cha kumrudishia alichopoteza, na mbinu iliyomsaidia zaidi barabarani aliibuni mwenyewe. Ukikutana na mgonjwa aliyepata kiharusi cha nyuma ya ubongo, au anayepoteza uwezo wa kuona taratibu huku macho yakiwa mazima, usiishie kwenye chati. Muulize akimimina chai anaionaje ikishuka. Muulize anavukaje barabara, na kama anazihofia bodaboda kwa namna ambayo hakuwa nayo zamani. Msogezee vitu vya kasi tofauti, viwili vitatu kwa pamoja, na vingine vikimjia usoni. Jibu likikutia shaka, mpeleke kwa daktari wa neva, na mweleze yeye na wa nyumbani kwake kwamba sikio lake sasa ni sehemu ya macho yake.

Kipimo kimoja cha mwisho

Mwaka 1996 Peter McLeod na wenzake, Zihl akiwamo, walimwonyesha L.M. filamu ya mtu gizani aliyefungwa taa ndogo kwenye viungo. Zikisimama, hizo ni nukta tu. Zikisogea, mtazamaji huona mara moja mtu anatembea au anaruka. Ukifuata ile sentensi fupi ya V5, L.M. asingeona chochote.

Alimwona mtu, na akataja anachofanya. Lakini kama mtu huyo alikuwa anakuja au anakwenda, hakuweza kusema.